Hesabu ya Ziwa la Kiangazi

Toledo, Ohio
9 Novemba 1986

Mdogo wangu Hollis,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama wima, na mgongo haujakulaza tena. Msalimie Ruthanne. Sisi hapa tunakwenda hivyo hivyo. Goti la Stan limevimba tangu Jumanne, na daktari amemwambia apunguze kupanda ngazi, kana kwamba mume wangu huzipanda kwa starehe. Theluji ya kwanza ilianguka Ijumaa ikayeyuka Jumamosi. Mimi sijapumzika tangu Septemba. Nina wafanyakazi tisa na sufuria sita za kuyeyushia plastiki ya chambo, na wiki iliyopita mmoja wao alitia chumvi ya kuongeza uzito mara mbili, tukamwaga galoni kumi na moja.

Katika boksi hili kuna funza wa plastiki mia moja. Ni wa inchi tatu, rangi ya moshi yenye punje nyeusi kama pilipili manga, mkia umepinda kama mundu. Mifuko haina jina, kama tulivyozoea. Mwambie Baba ni masalio ya duka la uvuvi la Pruitt. Nilipomtumia wa kwanza kabisa mwaka 1974, paketi ikiwa na jina langu mbele, aliitundika kwenye msumari bandani na hakuifungua. Najua bado iko pale. Sirudii kosa hilo.

Hawa nimewapunguzia unene wa mkia kwa robo. Plastiki hukakamaa maji yanapopoa, na mkia usiocheza ni kipande cha mpira tu, hakuna samaki wa besi atakayeuuma. Wateja wangu wanasema wanavua vizuri, lakini mteja hunipa jibu ninalolitaka. Nataka jibu la Baba, ambaye hajui anamjibu nani.

Kwa hiyo niandikie namba, Hollis, usiniandikie hadithi. Joto la maji, hesabu ya kuzama, samaki wangapi, funza wangapi wamepotea. Ndoana zina vichwa vya risasi vya moja ya nane ya aunsi, na nimewapima kwenye pipa la maji hapa karakanani: wanazama futi moja kwa kila hesabu moja, hesabu ya Baba, ile ya kugonga buti kwenye sakafu ya mashua. Naijua hesabu hiyo. Alikufundisha jikoni akigonga meza, wewe una miaka minane, mimi kumi na miwili naosha vyombo. Kesho yake alfajiri nilisimama mlangoni na buti zangu miguuni. Akapita na wewe. Ni miaka thelathini na saba sasa. Nimeacha kukasirika, lakini kuhesabu sijaacha.

Dada yako,
Arlette


Pell's Ford, Tennessee
30 Novemba 1986

Dada Arlette,

Boksi lilifika salama na nimechelewa kujibu, nisamehe. Kiwandani wametuongezea zamu, mbao zinakuja na theluji juu yake, na nikifika nyumbani nakaa kwenye kiti na viatu sijavua. Ruthanne amefungia mitungi arobaini na miwili ya maharage. Najua utapenda kujua idadi. Pole kwa goti la Stan.

Namba zako hizi. Tulikwenda mara tatu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kwenye Genge la Mbuzi, pale kwenye ule mwamba wenye ngazi. Maji digrii 47 za Farenhaiti. Baba anatupa hadi ukutani, anagonga buti, ishirini na mbili, anaanza kuvuta. Anavuta polepole sana, kama mtu anayeburuta soksi juu ya zulia asiamshe mtoto. Besi wa mdomo mdogo kumi na mmoja, mkubwa wao pauni nne na robo. Funza waliopotea watano.

Baba anasema funza hawa ni wazuri, na kwamba siku hizi hakuna mtu anayejua kutengeneza kitu kama hiki. Nilikunywa kahawa yangu.

Siku iliyofuata Shukrani walifungua milango ya bwawa kupunguza maji ya ziwa, kama kila mwaka. Maji yameshuka futi nane, na ule mkanda wa udongo mwekundu uko wazi ziwa zima. Utafikiri ziwa limevuliwa soksi. Hilo la soksi nimeshalitumia, lakini nimechoka, siwezi kutafuta lingine.

Mdogo wako,
Hollis


Toledo, Ohio
8 Desemba 1986

Hollis,

Salamu kwenu nyote. Stan amepewa fimbo ya kutembelea na sasa anaitumia kunionyesha vitu vya kuokota.

Samaki kumi na mmoja, funza watano. Ni kazi nzuri, sitakataa. "Hakuna mtu anayejua kutengeneza kitu kama hiki." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Mwambie masalio ya Pruitt yapo tele.

Nakutumia mia nyingine. Nipe namba za Desemba, maji yakishapita chini ya 45. Hapo ndipo nitakapojua kama mkia wangu ni mwembamba wa kutosha. Hali ya Baba ikoje? Hujaandika neno juu yake.

Arlette


Pell's Ford, Tennessee
4 Januari 1987

Dada Arlette,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa ya kimya. Ruthanne alioka nyama ya nguruwe, Baba akala vizuri, akalala kwenye kiti. Asante kwa sweta la Baba. Anasema linawasha na analivaa kila siku.

Hali yake ni ya mtu wa miaka sabini na sita.

Namba. Tumetoka mara sita tangu barua yako. Maji 43, kumi na moja tu juu ya barafu. Mahali ni pale pale, Genge la Mbuzi. Hesabu ishirini na mbili. Samaki watatu. Funza waliopotea sitini na mmoja.

Baba anasema Pruitt ametuuzia takataka. Anasema hawa wanazama kama mawe, wanakwenda moja kwa moja kwenye visiki na kunasa. Anakata mshipi, anafunga mwingine, vidole vimekuwa vyekundu, anatupa tena. Ana subira kuliko mimi. Sijui nikuandikie nini zaidi. Uliomba namba.

Hollis


Toledo, Ohio
11 Januari 1987

Hollis,

Salamu nitazitoa mwishoni, nikikumbuka.

Nilipoona sitini na mmoja nilidhani ni kosa langu. Nilirudi karakanani leo Jumapili peke yangu, nikachukua funza ishirini waliobaki wa fungu la Novemba na ishirini wa fungu la Desemba, nikawapima kwenye mizani mmoja mmoja, kisha nikatupia barafu ndani ya pipa hadi kipimajoto kikasoma 43. Nikagonga buti kama Baba. Futi moja kwa hesabu moja. Wote arobaini. Sikumwuzia mtu yeyote mawe.

Kisha nikazilaza barua zako mbili mezani.

Novemba ulisema ishirini na mbili, na maji yalikuwa juu. Ukasema mwenyewe kwamba baada ya Shukrani yameshuka nane. Januari unasema ishirini na mbili. Hollis, ishirini na mbili kutoa nane ni kumi na nne. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye ziwa hilo anajua kutoa kabla hajajua kujumlisha. Bwawa likifunguliwa, unapunguza hesabu. Nani alikufundisha hilo? Na mimi nilijifunza kwa masikio, nimewapa mgongo, mikono kwenye sabuni.

Funza wanafika mwambani kwenye kumi na nne na wanakaa chini kwa hesabu nane zaidi, katikati ya visiki, wakisubiri Baba amalize. Baba anahesabu ziwa la kiangazi.

Sasa niambie. Hilo amelisahau mara moja, au mara sita? Na wewe ulikuwa umekaa mbele yake mara zote sita, unafanya nini?

Sikiliza jambo la mashua. Ukivuka Rasi ya Lusk wakati wa kiangazi unapita juu ya visiki vya msitu wa zamani bila kujua vipo. Wakati huu viko futi moja chini ya maji, au nusu. Mtu anayehesabu ziwa la kiangazi ataliendesha ziwa la kiangazi. Na maji ni 43. Mtu wa miaka sabini na sita ana dakika ngapi ndani ya maji ya 43? Sitaki kuipiga hesabu hiyo.

Usimwache aende peke yake. Nina chumba cha chini hapa, kina hita yake, hakina ngazi.

Ruthanne msalimie.

Arlette


Pell's Ford, Tennessee
25 Januari 1987

Dada Arlette,

Tuko wazima. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika Jumatano ya tarehe kumi na nne. Niliisoma mara mbili kwenye gari, nikaitia mfukoni mwa koti. Nilijiambia nitazungumza naye Jumapili. Jumamosi nilikuwa zamu. Baba aliichukua mashua peke yake.

Aliivusha Rasi ya Lusk kwa kasi ya kiangazi. Mashua ilipanda kisiki, injini ikaruka juu, pini ya pangaboi ikakatika, naye akaangukia ukingoni, miguu ndani ya maji hadi kiunoni, mikono imeshika ubavu wa mashua. Garnett Lusk aliisikia injini ikilia angani akiwa anakata kuni kwake rasini, akatoka na mtumbwi wake. Alipofika Baba alikuwa ameshajivuta ndani na amekaa kwenye kiti chake, anatetemeka. Akamwambia Garnett, "Nani amepanda miti hapa?"

Garnett alinisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka.

Alilazwa hospitali siku mbili, akatoka. Vidole vya miguu viko salama vyote kumi. Ufunguo wa mashua ninao mimi. Tangu hapo hasemi nami. Anasema na Ruthanne, na Ruthanne ananipasha. Asubuhi anakwenda bandani, anakaa ndani ya mashua juu ya trela lake, anapanga ndoana. Anakaa hadi chakula cha mchana.

Uliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa namtazama akigonga buti. Kumi na nne ikipita, nilikuwa nauma ulimi. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili nikasema, "Baba, maji yamepungua," akaniambia, "Unanifundisha ziwa hili?" Baada ya hapo sikusema tena. Nilimfungia mshipi tu, funza mwingine, mwingine.

Nilijua ukijua utasema Toledo. Na umesema. Hakina ngazi, ndiyo. Hakina ziwa pia. Ukimtia kwenye chumba hicho atakuwa amekufa kabla ya majani kuchipua, na hutapata namba ya kuonyesha kwa nini.

Lakini sikukudanganya, Arlette. Uliomba namba, hukutaka hadithi. Niliandika ishirini na mbili kwa mkono wangu, mara mbili. Nilikuwa najua nani anaisoma.

Nimechoka. Sijui la kufanya.

Hollis


Toledo, Ohio
1 Februari 1987

Hollis,

Stan mzima, mimi mzima, sufuria moja imepasuka.

Nilimwonea mtu mmoja katika barua yangu iliyopita, na mtu huyo ni wewe. Nimesema.

Nakuja Ijumaa ya tarehe ishirini. Ni mwendo wa saa tisa barabarani, nitafika jioni. Usimwambie. Rekebisha ile pini. Ufunguo uache kwenye kopo la unga la Ruthanne. Jumamosi una zamu, nenda kazini. Sisemi Toledo. Sisemi kitu chochote kwa sasa.

Arlette


Toledo, Ohio
1 Machi 1987

Mdogo wangu Hollis,

Nimefika salama, na natumaini nanyi mko salama. Theluji ilinishika karibu na Cincinnati, saa tisa zikawa kumi na mbili. Stan alikuwa amekula mayai siku tatu mfululizo. Mwambie Ruthanne mtungi wa maharage umefika bila kuvunjika.

Wewe ulikuwa zamu, na niliporudi kutoka ziwani tuliongea dakika kumi tu jikoni Baba akiwa hapo hapo, kwa hiyo yaliyotokea huyajui. Nayaandika mara moja, sitayarudia.

Nilimkuta bandani alfajiri, kama ulivyosema, amekaa ndani ya mashua juu ya trela. Nilikuwa na buti miguuni. Alinitazama buti, kisha uso. Akaniuliza nimekuja lini. Nikamwambia jana, tulikula pamoja. Akasema anajua, alikuwa anauliza tu. Nikamwonyesha ufunguo. Alisogea akakaa kiti cha mbele na kuniachia cha nyuma, cha injini.

Nilikuwa na mfuko mpya wa funza kwenye koti, lakini sikuutoa kwanza. Nilikwenda kwenye msumari, nikaitoa ile paketi ya 1974, nikapuliza vumbi, nikaifungua mbele yake. Hakunizuia. Akatoa mmoja, akamvuta mkia, akamtazama kwenye mwanga.

"Mkia mnene," akasema.

Hollis, ni kweli. Ulikuwa mnene. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kazi hiyo na kalibu yangu ya kwanza niliichonga mwenyewe kwa kisu cha mezani. Miaka kumi na mitatu nimebeba hasira juu ya paketi hiyo, na mtu anaifungua na kusema jambo sahihi. Nikamtolea mfuko mpya niliokuja nao. Nikamwambia, "Hawa mkia mwembamba. Natengeneza mimi. Pruitt amekufa tangu mwaka 1979." Akawapima kwa kidole. Akauliza, wote natengeneza mimi? Nikasema laki moja na elfu themanini kwa mwezi. Akamtia mmoja kwenye ndoana, amenyooka sawasawa, bila hata kumtazama. Mikono yake haijasahau kitu.

Nililivuta trela kwa gari hadi majini, tukaondoka, na Rasi ya Lusk niliizunguka kwa mbali, polepole. Aliniambia njia ni katikati. Nikasema injini ni ya kwangu leo.

Genge la Mbuzi, maji 41, hakuna upepo. Akatupa hadi ukutani na kuanza kugonga buti. Nilihesabu pamoja naye moyoni. Kumi na nne ikapita. Ishirini na mbili akavuta, akanasa, akakata mshipi. Akafunga mwingine, vidole vyekundu. Niliona kwa nini ulinyamaza. Ni kitu kigumu kukitazama, na wewe umekitazama mara sita.

Akatupa tena. Alipofika kumi na nne nikasema, "Kumi na nne, Baba. Vuta."

"Ishirini na mbili," akasema, na buti linagonga.

"Maji yameshuka nane."

Buti likasimama. Aliinua macho akatazama ule mkanda wa udongo mwekundu, kutoka mwisho mmoja wa genge hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya watu.

"Lini?"

"Baada ya Shukrani. Kama kila mwaka."

Mimi huhesabu kila kitu, unanijua. Nilifika mia moja na arobaini kabla hajasogea. Funza alikuwa ameshanasa chini, akamkata, akafunga mwingine. Kisha akasema bila kugeuka, "Basi hesabu wewe. Mimi nitavuta."

Nikagonga buti langu. Kumi na nne. Akavuta, kama soksi juu ya zulia, umesema vizuri. Mara ya nne ufito wake wa kuvulia ukapinda. Pauni tatu na nusu. Alimrudisha majini akamtazama akizama.

Nikamwuliza hapo, maana nilijua nisipouliza hapo sitauliza tena. Nikamwambia, "Mwaka 1949 nilisimama mlangoni na buti zangu. Kwa nini ulimchukua Hollis peke yake?"

Alifikiri. Akasema, "Nilidhani hupendi baridi."

Nikamwambia nimekaa Toledo miaka ishirini na minane.

Akasema, "Ndiyo maana nilishangaa ulipohamia huko."

Sijui, Hollis. Sijui kama alikumbuka au alibuni pale pale kwa kuwa nilimbana. Nilitaka kumwuliza zaidi nikaona ameshaanza kutupa, ananisubiri nihesabu. Nikahesabu.

Sasa utaratibu. Ufunguo ubaki kwenye unga. Mashua isitoke na mtu mmoja. Jumapili ni zako. Jumamosi moja kati ya mbili ni yangu, hadi maji yatakaporudi juu mwezi wa nne. Nimeshazipanga saa za barabara na nimempa mkubwa wa karakana funguo zangu. Usiniambie ni mbali, najua ni mbali kiasi gani. Ukiwa naye, usimwambie maji yamepungua. Anza kuhesabu kwa sauti kabla yake. Atakuachia.

Chumba cha chini nimekitia maboksi.

Namba za Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Februari, kwa kumbukumbu zako: Maji 41. Hesabu kumi na nne. Samaki wawili. Funza waliopotea wawili, wote kabla sijaanza kugonga. Watu mashuani, wawili.

Dada yako,
Arlette